Imekufa, imeungua, imepiga shoti: lugha ya ubovu wa maikrowevu

Sentensi "maikrowevu imekufa" ni Kiswahili safi, na katika karakana yoyote ya mjini Kibiti itaeleweka mara moja. Hata hivyo, haimpi fundi msaada wowote. Kifaa "kilichokufa" huenda hakiwaki kabisa. Huenda kinawaka, taa ya ndani inang'aa na sahani inazunguka, ila chakula kinatoka baridi. Huenda kinanguruma kisha kinaunguza fyuzi, au kinatoa cheche na harufu ya kuungua. Hali hizo nne zina vyanzo tofauti na gharama tofauti, na mojawapo inaweza kumuua anayefungua kasha kwa papara. Kiswahili kina vitenzi vya kutosha kuzitenganisha. Makala haya yanaeleza sehemu za maikrowevu na kazi zake, kisha yanaonyesha kitenzi kipi kinafaa kwa ubovu upi, ili mfasiri wa kijitabu cha maelekezo, mwalimu wa ufundi na mwanafunzi wasitumie neno moja mahali palipohitaji manne.

Kibiti ni mahali pazuri pa kuupima msamiati huu. Mji wenyewe uko kando ya barabara kuu iendayo Lindi na Mtwara, na wilaya yake, iliyomegwa kutoka Wilaya ya Rufiji katikati ya miaka ya 2010, inashuka kutoka barabarani hadi kwenye mikoko ya delta. Barabarani kuna nguzo za umeme wa gridi; visiwani, ng'ambo ya Nyamisati, ziko nyumba zinazotegemea paneli za sola. Kwa hiyo lalamiko lilelile, "haipashi", linaweza kuwa na chanzo kimoja mjini na chanzo kingine kabisa deltani.

Jina la kifaa

Katika mazungumzo, kifaa hiki huitwa maikrowevu, nomino ya ngeli ya i-/zi-: maikrowevu hii imeharibika, maikrowevu hizi zimeharibika. Katika maandishi rasmi hupatikana pia "tanuri la maikrowevu" na "jiko la maikrowevu". Maneno hayo mawili ya Kiswahili yanabeba wazo la moto: tanuri ni la chokaa, matofali au mikate, jiko ni la kuni, mkaa au gesi. Maikrowevu haina moto wala waya wa kuchemka unaokigusa chakula kwa joto lake. Ndiyo maana kitenzi kinachoizoea zaidi ni "kupasha", hasa kupasha kiporo, kuliko "kuchoma" au "kuoka".

Tafsiri mbili zinahitaji tahadhari. Ya kwanza ni "jiko la mawimbi mafupi". Wasikilizaji wa redio walikwisha kuyapa maneno "mawimbi mafupi" maana nyingine: ni masafa ya megahezi 3 hadi 30, yaliyoleta matangazo ya mbali kwa miongo mingi. Maikrowevu ya nyumbani hutumia takriban megahezi 2,450, na urefu wa wimbi lake ni kama sentimita 12. Kuyaita yote mawili "mafupi" ni kuvichanganya vitu viwili ambavyo mwanafunzi wa fizikia anatakiwa kuvitenganisha.

Ya pili ni "mionzi". Neno hili si kosa, kwa kuwa mawimbi haya ni aina ya mionzi ya sumakuumeme, kama ulivyo mwanga. Lakini kwa msomaji wa kawaida "mionzi" ni eksirei na tiba ya saratani, yaani mionzi inayoweza kung'oa elektroni kwenye atomu za mwili. Mawimbi ya maikrowevu hayana nguvu hiyo. Madhara yake ni ya joto, na chakula kilichopashwa hakibaki na mionzi ndani yake. Mfasiri anayeandika "mionzi" bila kufafanua humtia msomaji hofu isiyostahili, na wakati huohuo humsahaulisha hatari halisi ya kifaa hiki, ambayo ni umeme uliomo ndani ya kasha. "Mawimbi" ni neno salama zaidi.

Safari ya umeme ndani ya kasha

Sehemu za maikrowevu hueleweka vizuri zikifuatwa kwa mpangilio wa safari ya umeme. Umeme wa nyumbani, ambao Tanzania ni volti 230, huingia kupitia plagi na kukutana kwanza na fyuzi. Fyuzi ni kipande cha waya mwembamba ndani ya kifuko cha kioo au kauri. Kazi yake ni kuungua mapema kabla ya sehemu nyingine kuungua.

Baada ya fyuzi kuna swichi za mlango, kwa kawaida tatu. Mbili hupitisha umeme pale tu mlango unapofungwa sawasawa. Ya tatu ni mlinzi wa hizo mbili: ikiwa moja imeganda na kuendelea kupitisha umeme mlango ukiwa wazi, swichi ya tatu huufanyia umeme njia ya mkato kwa makusudi ili fyuzi iungue na kifaa kizimike. Hapo ndipo swichi inapoharibu fyuzi kusudi, ili kumwokoa mtu.

Umeme unaendelea hadi kwenye bodi ya vitufe au saa ya kuzungusha, ambayo huamua muda na kiwango cha joto. Bodi pia huiwasha feni, taa na mota ndogo ya kuzungusha sahani. Sehemu hizi zote zinaweza kufanya kazi kikamilifu huku chakula kikibaki baridi, kwa sababu upashaji hasa unafanywa na kundi jingine: transfoma, kapasita, dayodi na magnetroni.

Transfoma huipandisha volti 230 hadi takriban 2,000. Kapasita na dayodi hufanya kazi kwa kupokezana. Umeme wa gridi hugeuka kwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Unapokwenda upande mmoja, dayodi huupitisha na kapasita hujaa chaji. Unapogeuka, dayodi huziba, na volti ya kapasita hujumlishwa na ile ya transfoma. Matokeo yake ni umeme wa takriban volti 4,000, unaosukumwa kwenye magnetroni kwa mapigo.

Magnetroni ndiyo moyo wa kifaa. Ndani yake kuna waya mwembamba unaopashwa moto hadi ukatoa elektroni. Sumaku mbili huzipinda elektroni hizo zizunguke badala ya kwenda moja kwa moja, na zinapopita mbele ya vijichumba vilivyochongwa kwenye shaba huzalisha mawimbi. Aina iliyofanikisha jambo hilo kwa nguvu kubwa ilitengenezwa na John Randall na Harry Boot katika Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, mwaka 1940, kwa ajili ya rada za vita. Mwaka 1945 Percy Spencer wa kampuni ya Raytheon, Marekani, aliomba hataza ya kutumia mawimbi hayo kupasha chakula, na mashine za kwanza za biashara zikatoka miaka michache baada ya vita.

Kutoka kwenye magnetroni, mawimbi hupita katika mfereji wa chuma na kuingia kwenye chumba cha kupashia kupitia kibao cha mika, kile kinachofanana na karatasi ngumu ya kahawia ukutani mwa chumba. Humo huzigeuzageuza molekuli za maji zilizomo ndani ya chakula, na msukosuko huo ndio joto. Kuta za chuma huyarudisha mawimbi ndani. Wavu wa mlangoni nao huyazuia, kwa kuwa matundu yake ni madogo sana kulinganisha na wimbi la sentimita 12. Mawimbi yanayogongana hujenga sehemu za moto na sehemu za baridi. Ndiyo sababu sahani inazunguka, na ndiyo sababu sahani isiyozunguka hutoa wali unaounguza pembeni na ulio baridi katikati.

Vitenzi sita vya ubovu

Fundi akishajua sehemu, anabaki na swali la kitenzi. Vitenzi sita vifuatavyo havibadilishani nafasi.

Kukatika: njia ya umeme imeachana, umeme haupiti panapotakiwa. "Waya wa magnetroni umekatika ndani." Kipimo cha multimita hakionyeshi muunganiko wowote.

Kupiga shoti: hiki ni kinyume cha kukatika, umeme unapita pasipotakiwa. "Kapasita imepiga shoti." Multimita husoma omu sifuri au karibu na sifuri. Sarufi hapa ina kazi ya kuokoa maisha. Kifaa hupiga shoti, lakini mtu hupigwa shoti. Kauli ya kutenda inataja hitilafu ya njia ya umeme. Kauli ya kutendwa inataja umeme uliopita mwilini. Mfasiri anayeandika "epuka shoti" bila kitenzi ameacha wazi ikiwa anayelindwa ni mashine au mtu.

Kuungua: joto limeharibu kitu. Fyuzi huungua, na koili za transfoma huungua na kutoa harufu. Kwa fyuzi, kuungua ni kutimiza wajibu. Kwa hiyo "ubovu ni fyuzi" mara nyingi ni jibu la nusu, maana fyuzi nzima haiungui bila sababu. Swali linalofuata ni nani ameiunguza: swichi ya mlango, kapasita, transfoma au ghafla ya umeme uliorudi.

Kuvuja: kitu kimetoka pasipo ruhusa, na ni lazima kitajwe. "Mawimbi yanavuja" ni ubovu wa mlango uliopinda, bawaba zilizolegea au wavu uliotoboka. "Umeme unavuja" ni ubovu mwingine: bati la nje linamtetemesha anayeligusa, kwa sababu waya umegusa kasha na waya wa kwenda ardhini haupo au haufanyi kazi. "Maikrowevu inavuja" pekee haisemi kitu.

Kuchoka: sehemu inafanya kazi kwa nguvu pungufu. Husemwa hasa kuhusu magnetroni ya zamani, ambayo waya wake hautoi tena elektroni za kutosha. Chakula kilichohitaji dakika 2 sasa kinahitaji 5.

Kuganda: kipande kinachopaswa kusogea kimenata mahali pamoja, kama swichi ya mlango au rilei ya bodi. Maikrowevu inayojiwasha mlango unapofungwa tu, kabla kitufe hakijabonyezwa, huenda rilei yake imeganda.

Kiambishi cha kutendeka nacho kina nafasi yake. "Hakikisha mlango umefungwa" humwambia mtumiaji kwamba mtu ameufunga. "Hakikisha mlango umefungika" humwambia kwamba umekaa mahali pake hadi swichi zote zimebonyezwa. Kijitabu cha maelekezo kinahitaji sentensi ya pili.

Kutoka dalili hadi chanzo

Mteja huleta dalili. Fundi hutafuta chanzo. Mazungumzo mafupi ya mfano yanaonyesha jinsi maswali mazuri yanavyolitoa lalamiko kwenye neno "imekufa":

— Shikamoo, mama.
— Marahaba, mwanangu. Maikrowevu yangu imekufa.
— Pole, mama. Haiwaki kabisa, au inawaka ila haipashi?
— Inawaka, na sahani inazunguka. Wali ndio unatoka baridi.
— Inanguruma kuliko zamani?
— Sana, tangu umeme ulipokatika juzi ukarudi.

Kwa maswali mawili tu, plagi, fyuzi kuu, swichi za mlango na mota ya sahani zimeondolewa mashakani. Kunguruma kwa sauti nzito bila joto kunaelekeza kwenye kundi la volti kubwa: dayodi iliyopiga shoti, kapasita, au magnetroni yenyewe. Kama ingekuwa kimya bila joto, shaka ingehamia kwenye kitu kilichokatika. Kama ingekuwa haiwaki kabisa, uchunguzi ungeanzia kwenye soketi na fyuzi. Na kama kungekuwa na cheche, cha kwanza kutazamwa ni kibao cha mika kilicholowa mafuta na kuungua, kisha kuta za chumba zilizobanduka rangi. Kwa nyumba zilizo karibu na maji ya chumvi, kutu ya kuta hizo ni adui wa kawaida.

Dayodi inastahili onyo lake. Multimita ndogo, ikitumiwa kama kwa dayodi za kawaida, huenda isionyeshe kitu pande zote mbili, na fundi akatangaza kwamba dayodi imekatika. Dayodi ya maikrowevu huhitaji volti kadhaa ndipo ianze kupitisha, na vipimo vingi havitoi volti hizo. Usomaji wa sifuri pande zote mbili unathibitisha shoti, lakini kutosoma kitu hakuthibitishi kukatika.

Kabla ya kulaumu kifaa, lugha ya umeme wenyewe inapaswa kunyooshwa. Umeme "umekatika" kwa mtaa mzima. Umeme "umekwisha" kwenye LUKU ya nyumba moja. Umeme "ni mdogo" pale taa zinapofifia huku kila kitu kikiwaka. Hali ya tatu ndiyo hudanganya zaidi. Mto Rufiji leo unaendesha mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, yenye uwezo wa megawati 2,115, ambayo ilianza kuingiza umeme kwenye gridi mwaka 2024. Lakini ukubwa wa mtambo hauelezi volti zinazofika mwisho wa laini ndefu ya kijijini. Volti zikipungua, transfoma hupandisha kidogo, waya wa magnetroni hupoa, na joto la chakula hushuka sana. Dalili inafanana kabisa na ya magnetroni iliyochoka.

Kipo kipimo cha kutenganisha mambo hayo mawili bila kugusa bisibisi. Lita 1 ya maji ikipashwa kwa dakika 2 katika maikrowevu inayotoa wati 700, joto lake hupanda kwa takriban nyuzi 20 za selsiasi. Kipimo kifanywe saa mbili usiku, wakati mtaa mzima unapika na kutazama televisheni, kisha kirudiwe alfajiri kwa maji ya joto lilelile la kuanzia. Maji yakipanda nyuzi 12 usiku na 19 alfajiri, umeme ni mdogo na magnetroni ni nzima. Yakipanda nyuzi 12 nyakati zote mbili, magnetroni imechoka.

Kwa sola za deltani, hesabu ni nyingine. Wati 700 zilizoandikwa mlangoni ni za mawimbi yanayotoka. Umeme unaoingia ni mwingi zaidi, kama wati 1,100 au 1,200. Kutoka kwenye betri ya volti 12, hizo ni takriban ampea 100 kwa mfululizo, mzigo ambao mfumo mdogo wa taa na simu hauwezi kuubeba. Tena, inveta za bei nafuu hutoa umeme wenye umbo la ngazi badala ya wimbi laini, na juu yake transfoma hunguruma na kupasha kwa unyonge. Maikrowevu kama hiyo haijaharibika. Neno linalofaa ni "imelemewa", au kwa usahihi zaidi, chanzo chake cha umeme ndicho kilicholemewa.

Zima, chomoa, toa chaji

Vijitabu vingi vya Kiswahili huishia kwenye "zima kifaa kabla ya kukifungua". Kwa redio, onyo hilo huenda likatosha. Kwa maikrowevu halitoshi, na hapa uhaba wa vitenzi unageuka kuwa hatari. "Kuzima" ni kusimamisha kazi kwa kitufe. Umeme bado umefika ndani. "Kuchomoa" ni kuitoa plagi; umeme wa gridi sasa haufiki, lakini kapasita inaweza kubaki na chaji yenye volti nyingi. "Kutoa chaji" ni kuimaliza chaji hiyo kwa kifaa maalumu na kuthibitisha kwa kipimo kwamba imekwisha. Baadhi ya kapasita zina kizuizi cha ndani cha kuimaliza chaji polepole, lakini kizuizi hicho nacho hukatika, na hakuna fundi makini anayekitegemea.

Mazoea ya lugha yanachangia kosa. Mtu husema "umeme umetoka" akimaanisha kwamba plagi imetoka, na sikio lake mwenyewe linaamini. Tafsiri iliyo salama hutumia vitenzi vyote vitatu kwa mpangilio wake, na huongeza kwamba asiyefundishwa kutoa chaji ya kapasita asifungue kasha kabisa. Kusafisha kuta, kubadilisha sahani, kukagua plagi, kutazama bawaba na kupima maji ni kazi za mwenye nyumba. Kilichomo nyuma ya bati la nje ni kazi ya fundi.

Neno moja la karakana linahitaji kutajwa kwa sababu hiyohiyo: kuunga "dairekti", yaani kuruka fyuzi au swichi kwa kipande cha waya. Mteja huambiwa "nimeitengeneza", na kwa macho yake ni kweli, kwa kuwa maikrowevu inawaka. Kwa hakika fundi ameondoa kilichokuwa kikiungua badala yake na badala ya watoto wake. Swichi ya mlango iliyoungwa dairekti huruhusu mawimbi kutoka mlango ukiwa wazi. Fyuzi iliyoungwa dairekti huacha moto utafute mahali pengine pa kuungulia. Kwa mfasiri na mwalimu, kazi hiyo isiitwe kutengeneza. Kiswahili kina jina lake: ni kulazimisha. Mteja anayesikia "nimeilazimisha" atauliza swali la pili kabla ya kulipa, na swali hilo linaweza kuiokoa nyumba yake.